Pale Sateki Aliposinzia

Kwa miaka mingi Sateki alisimama jukwaani akiwa na gitaa la besi ambalo halikuunganishwa na kitu chochote. Waya ulitoka kwenye gitaa, ukashuka ubavuni mwa mguu wake, ukapita nyuma ya spika na kuishia hapo hapo kwenye majani, ambako kuku waliudonoa wakidhani ni mnyoo. Watu wote wa kijiji cha Holonga walijua, na hakuna aliyeona ajabu. Besi yenyewe ilitoka kwenye spika, nayo ilikuwa ya Sateki huyo huyo, ila ya ujana wake.

"Bendi bila mtu wa besi ni kama kinywa kilichong'oka jino la mbele," Lopeti, mkubwa wa bendi, alikuwa akisema. "Hata kama halitafuni, acha likae."

Kwa hiyo jino lilikaa. Sateki alivaa mkeka wake wa kiunoni, akasimama mahali pake pa siku zote, kushoto, nyuma kidogo ya Lopeti, na vidole vyake vikafuata nyuzi kimya kimya huku kanda ikipiga kwa niaba yake. Vijana walimwita mtu pekee katika visiwa vya Vava'u, Tonga, anayelishwa nguruwe kwa kazi ya kujisikiliza. Yeye alicheka nao. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka kwa mabega tu bila sauti, na ukimtania mara ya kumi alicheka kama vile ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Lakini kulikuwa na utani mmoja uliozidi mwingine wote. Katika wimbo ule wa tau'olunga, ngoma ya msichana anayecheza peke yake, ambao kila msichana wa kijiji hicho aliuchezea, siku ya kwanza ya kanisa, harusini, hata siku mwalimu mkuu alipostaafu, palikuwa na mahali ambapo muziki ulisimama. Ulikuwa unakwenda vizuri, mtulivu kama maji ya ndani ya ghuba, halafu besi ikakoma. Ukulele ukakoma. Fidla ikakoma. Kimya cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa, pengine zaidi kidogo. Kisha besi ikarudi polepole, na wengine nyuma yake. Lopeti hakuwa na jina jingine la mahali hapo. Aliwaambia wachezaji, "Mkifika pale Sateki aliposinzia, tulieni." Na jina likashika. Hata watoto ambao hawakujua kanda ni kitu gani walisema pale Sateki aliposinzia, kama watu wanavyotaja kona ya barabara.

Sateki hakuwahi kukanusha. Alikubali kuwa mtu aliyelala usingizi katikati ya wimbo, mbele ya kijiji kizima, kwa sababu ukweli wake haukuwa wa kusemwa mbele za watu, na hasa mbele ya mtu mmoja.

Besi alianza nayo mdogo. Ya kwanza ilikuwa sanduku la chai lililopinduliwa, mpini wa ufagio na mshipi wa kuvulia samaki, na alijifunzia kando ya duara la wanywaji wa kava, wakubwa wakiimba na yeye akinguruma chini yao. Alipofika umri wa kupewa besi ya kweli, mzee mmoja wa bendi alimfundisha jambo moja tu, na hilo likamtosha maisha yake yote. Mwimbaji anawaangalia watu, alimwambia, na mpiga gitaa anaangalia vidole vyake. Wewe mwangalie anayecheza. Usiangalie mikono, mikono ni mapambo. Angalia magoti. Yakikunjwa, nenda. Yakisita, sita.

Hivyo ndivyo Sateki alivyomjua Meleane, kwa magoti. Watu husema alimpenda kwa uso, na uso alikuwa nao, lakini yeye mwenyewe alipokuwa na kava kidogo kichwani aliapa kwamba aliufikia uso baadaye sana. Msichana alikuwa wa kijiji cha Leimatu'a, alikuja kucheza kwenye uzinduzi wa paa jipya la kanisa, mabega yakimeremeta mafuta ya nazi, na alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo. Hakukosea. Alichelewa makusudi, akamwacha mpiga besi aning'inie na noti yake hewani, ndipo akateremka. Wachezaji wote wengine waliufuata muziki. Huyu alitaka muziki umsubiri. Sateki akasubiri. Alisubiri wimbo mzima, akasubiri mwaka mzima wa kwenda Leimatu'a na mizigo ya viazi vikuu kwa baba wa msichana, mpaka akapewa mke.

Siku hizo bendi ilikuwa na watu hai, wamejaa jukwaa mpaka wanagongana viwiko. Ndugu walipokuja kumtunza mchezaji, kubandika noti zao za pa'anga kwenye ngozi iliyolowa mafuta, wimbo ulirefushwa mpaka mtu wa mwisho arudi kukaa. Bibi mwenye miguu mibovu aliweza kuanza safari yake kutoka mwisho wa ukumbi bila haraka. Wimbo ungemngojea. Sateki akizikumbuka siku hizo husema kitu kimoja tu, kwamba kulikuwa na kelele nzuri.

Halafu ng'ambo ikaanza kuwachukua. Auckland ilimchukua mpiga banjo. Mpiga fidla akatangaza kwamba anamfuata mkewe Salt Lake. Mpiga gitaa akawa amepata makaratasi ya Sydney, akawa anayatembeza kijijini kama picha ya mtoto mchanga. Lopeti hakulala. Kaka yake alikuwa amemletea mashine ya kurekodi, ya kanda, yenye kuweka ala moja juu ya nyingine, na akapita nyumba kwa nyumba akiwasihi.

"Nendeni, sikuzuieni," alisema. "Lakini kabla hamjaondoka, niachieni mikono yenu."

Sateki naye alikuwa amepata kazi kwenye meli ya kwenda Nuku'alofa, mji mkuu, na siku za sherehe angekuwa baharini. Basi Lopeti akaja kwake kwanza, maana besi ndiyo msingi na wengine watajenga juu yake. Walitundika ngatu, vitambaa vizito vya magome, kwenye kuta, zile za harusi ya Meleane, ili zinyonye mwangwi. Walifukuza nguruwe. Jogoo aliwashinda. Lopeti akakaa chini ameupa chumba mgongo, vifaa vya masikioni kichwani, macho kwenye sindano ya mashine.

"Haya, piga."

"Nimpigie nani?"

"Piga tu, Sateki. Kanda inazunguka."

Alipiga, na kwa maneno ya Lopeti, ilisikika kama mtu anayeshusha magunia. Wakarudia. Magunia yale yale. Sateki hakujua kupigia ukuta. Alihitaji magoti.

Meleane alikuwa nje anakuna nazi. Alisikia mara ya tatu, akasikia ya nne, akaingia anajifuta mikono kwenye kanga yake. "Jamani, mnaua nini humu?" akasema, akasimama mbele ya mumewe, akakunja magoti na kuinua mikono. Lopeti, mgongo wake kwao, hakuona lolote. Alisikia tu kwamba besi imeanza kuishi, akapiga paja lake kwa furaha bila kugeuka.

Mtoto alikuwa tumboni, bado mdogo, hata nguo zilikuwa hazijamtangaza. Meleane alifika ubeti wa pili. Alikuwa anageuka, uso begani, ndipo akasimama. Macho yalimtoka. Mkono wake wa kushoto ulishuka polepole ukatua tumboni, akatega kichwa upande kama anayesikiliza hodi. Sateki alikuwa na kidole juu ya uzi. Magoti yalikuwa yamesita, naye akasita. Jogoo akawika huko nje. Meleane akamtazama mumewe, akacheka bila sauti, akakunja magoti tena, na besi ikateremka pamoja naye.

"Umesinzia pale katikati," Lopeti alisema baada ya kuvua vifaa vyake. "Turudie?"

"Usirudie," Sateki alisema. Sauti yake ilikuwa na kitu, lakini Lopeti alikuwa ameanza kukunja nyaya. Wenzake walipokuja kuweka ala zao juu ya besi ile, walikuta pengo na wakalifuata, wakimtukana Sateki kwa upendo, kisha wakapanda ndege zao.

Eseta alizaliwa msimu wa viazi. Alikuwa na miaka minne Meleane alipougua, na ugonjwa ule haukuchukua hata muda wa kuzoeleka. Wakamzika kwenye mchanga mweupe, wakamwekea shuka lake la maua juu. Sateki aliacha meli, akarudi nchi kavu, na mtoto akachukuliwa na dada yake Sateki, Kalolaine, kama ilivyokuwa lazima. Shangazi kwetu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa kaka yake, na Kalolaine alikuwa na neno la mwisho juu ya vitu vingi, pamoja na hali ya hewa.

Picha ya Meleane ilikuwepo moja, na unyevu ulikuwa umeanza kuila. Sauti yake haikuwa imerekodiwa popote. Kulikuwa na kimya kile tu. Kila aliposimama jukwaani na besi yake bubu, Sateki alijua kinakuja, na kilipofika alimwona: chembe za nazi mikononi, uso begani, macho yamemtoka. Halafu muziki ukaendelea na yeye akaendelea nao. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kung'ang'ania kusimama pale na waya usiokwenda popote. Hakumwambia mtu.

Angemwambia nani? Lopeti alikuwa na mdomo mpana kuliko spika zake. Jambo lolote aliloambiwa asubuhi, Kalolaine angelisikia kabla ya chakula cha mchana. Na kaka na dada hawazungumzi mambo hayo. Hawazungumzi mimba, hawazungumzi tumbo la mke, hata filamu yenye busu mmoja hutoka nje. Ndiyo heshima. Sateki na Kalolaine walizeeka hivyo, wakiongea kwa kupitia ukuta, yeye barazani na dada yake ndani, juu ya viazi, michango ya kanisa na paa linalovuja.

Kalolaine ndiye aliyewafundisha wasichana kucheza. Alitumia kanda ile ile, na alipofika pale kaka yake aliposinzia hakuwaacha wasimame tu kama nguzo. Aliweka mtindo: mkono wa kushoto unashuka polepole, unatua kiunoni, kichwa kinategwa. Wasichana wote wa Holonga walicheza hivyo. Wale waliokwenda ng'ambo waliwafundisha binti zao huko. Sateki aliutazama mkono ule miaka na miaka, na akamshukuru dada yake kimoyomoyo kwa kuziba pengo lake kwa pambo zuri. Hivyo ndivyo alivyoelewa.

Eseta alipokaribia kutimiza miaka ishirini na mmoja, Fe'ao akaja kutoka Auckland. Fe'ao ni mtoto wa Kalolaine, na mtoto wa dada hanyimwi kitu na mjomba wake. Akitaka nguruwe, anabeba. Akitaka shati uliloanika, anavaa. Huyu kwa bahati alikuwa kijana mwema, mwenye kuona haya kuitumia haki hiyo, na kazi yake huko ilikuwa ya muziki. Alikuja na kompyuta, spika ndefu kuliko mlango, na zawadi.

"Mjomba, kaa," alisema. "Nimekuletea kitu. Nimeufanya upya ule wimbo. Kwa ajili ya Eseta."

Akabonyeza. Na lazima tuwe wakweli, ulikuwa muziki mzuri. Ngoma zilikuwepo, besi nene inayotembea mpaka kwenye meno, kila kitu kimepangwa sawasawa kama meno ya kitana. Sateki alitikisa kichwa kwa mdundo. Wakafika ubeti wa pili. Alikaa sawa, akaweka kikombe chini. Muziki ukapita pale pale bila kusimama.

"Umesikia?" Fe'ao alikuwa anang'aa. "Nimekutoa aibu, Mjomba. Miaka yote hiyo wanakucheka. Imekwisha! Hujasinzia tena."

"Eh," Sateki alisema.

"Hufurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu. Ila... ile ya zamani mngeiacha tu. Nimeizoea."

"Mjomba bwana! Ile ina jogoo ndani! Watu wanatoka Sydney, wanatoka Amerika, tuwapigie jogoo?"

Sateki akacheka kwa mabega. Alikuwa ameshindwa, na alijua ameshindwa na mapenzi, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kushindwa na ubaya. Alikwenda kukaa barazani kwa dada yake. Ndani kulisikika kisu kikimenya muhogo.

"Fe'ao amenisikilizisha wimbo wake," alisema kwa ukuta.

"Nasikia."

"Mzuri."

"Mzuri," ukuta ukajibu.

"Ule wa zamani nao ulikuwa na uzuri wake."

Kisu kilinyamaza. "Ulikuwa na shimo katikati."

"Ndiyo."

"Ulilichimba wewe."

"Ndiyo, ni mimi."

Sateki alifungua mdomo akaufunga. Neno lilikuwepo, lakini lilikuwa na tumbo ndani yake, na hakuna njia ya kulipitisha mbele ya dada yake.

"Fe'ao kasema umekubali," Kalolaine alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa kali kuliko mazungumzo yalivyotaka.

"Mimi ni nani wa kumkatalia?"

"Basi kama umekubali, umekubali," alisema, na kisu kikaanza tena, kwa hasira, utadhani muhogo umemkosea. Sateki alirudi nyumbani akijisikia mtu aliyefiwa mara ya pili, na safari hii hawezi hata kuvaa nguo nyeusi.

Siku ya sherehe, Jumamosi, hema lilijaa kabla ya adhuhuri. Nguruwe wa kuchoma walilala mezani safu kwa safu, lu ya nyama na tui la nazi ikitoa mvuke kwenye majani yake, na waliotoka Amerika walikuwa wakilia kila walipoona kitu cha kula. Bendi ilikuwa ni Lopeti na ukulele wake, wanawe wawili wa kuimba, Fe'ao nyuma ya kompyuta, na Sateki mahali pake, waya kwenye majani.

Eseta alitoka. Alikuwa amevalishwa ngatu na mkeka mwembamba kiunoni, manyoya kichwani, mafuta yakimtiririka mabegani. Alikunja magoti. Sateki aliyatazama magoti yale na roho ikamruka, maana binti alichelewa kidogo, makusudi, kama mtu aliyekuwa akimjua.

Ngoma za Fe'ao zikaingia. Watu wakashangilia, wazee wakageuziana nyuso wakakubali kwa vichwa. Mashangazi wadogo wakaruka nyuma yake kumchekesha na kumpamba, noti zikaanza kuja. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ukaingia. Eseta akageuka, uso begani, na mkono wake wa kushoto ukashuka polepole.

Muziki haukusimama. Lakini wanawake wote wa Holonga waliokuwa wakipiga makofi walisimama, kwa mazoea, wote pamoja. Walioruka nyuma yake wakasimama. Lopeti mwenyewe, aliyefanya mazoezi ya wimbo mpya wiki nzima, aliacha ukulele. Mashine ikaenda mbele peke yake kama punda aliyemwacha mwenyewe njiani. Eseta aliinua mkono, akajaribu kuikimbilia, akakosa, akajaribu tena. Kisha magoti yakanyooka. Tabasamu, ambalo mchezaji wa tau'olunga haliachii hata nyuki akimuuma, likamtoka.

Fe'ao akazima. Hema lote likawa kimya, na mtoto mmoja mahali fulani akauliza kama ndiyo imekwisha.

"Fe'ao!" Ilikuwa sauti ya Kalolaine. Alikuwa amekwisha inuka mwisho wa hema, fimbo mkono mmoja na noti mkono wa pili. "Weka ile ya mjomba wako."

"Mama, ile ina—"

"Najua ina nini! Weka!"

Sateki aliinua uso. Dada yake hakumtazama.

Fe'ao alitafuta kwenye kompyuta. Alikuwa nayo, hakuifuta. Jina alilokuwa ameipa, kama alivyokiri baadaye kwa aibu, lilikuwa "mjomba kasinzia". Spika zikatoa mvumo wa kanda kuukuu kama mafuta yanayokaangwa. Halafu besi.

Watu waliosambaa dunia nzima wakaanza kupiga. Mpiga banjo aliyekufa Auckland, mpiga fidla ambaye sasa ana wajukuu wasiojua Kitonga, wote walikuwa na nguvu zao zote. Eseta akavuta pumzi, akakunja magoti. Kutoka mwisho wa hema Kalolaine alianza kutembea. Miguu yake ilikuwa mibaya, na wimbo wa kanda haumsubiri mtu. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameufundisha wimbo ule nusu ya maisha yake, na hakuharakisha hata kidogo. Alipita meza za nguruwe, akapita wachungaji, akawasukuma kwa fimbo wapwa waliosimama njiani.

Ubeti wa pili. Uso begani. Mkono ukashuka ukatua tumboni. Besi ikakoma, ukulele ukakoma, fidla ikakoma, na kidole cha Sateki kikasimama juu ya uzi usio na sauti. Kalolaine alifika hapo hapo. Wote waliotunza walikuwa wamebandika noti mabegani. Yeye aliinama, akaiweka noti yake juu ya ule mkono uliotulia tumboni, akaifunika kwa kiganja chake, akakiacha hapo. Jogoo aliyekwisha liwa zamani akawika kwenye spika. Kalolaine akaondoa kiganja, Eseta akacheka bila sauti, akakunja magoti, na besi ikateremka pamoja naye.

Sateki hakuona ubeti uliobaki. Macho yalikuwa yamejaa.

Baadaye, watu walipokuwa wakila, Eseta alikuja kukaa chini karibu naye na sahani ya lu, mabega bado yanang'aa. Alisubiri baba yake aongee. Baba yake alivunja kipande cha kiazi, akakirudisha sahanini.

"Ule mkono," alisema hatimaye, akiangalia majani. "Pale katikati. Nani alikufundisha kuuweka pale?"

"Shangazi."

"Wengine wanauweka kiunoni."

"Wengine kawaambia kiunoni. Mimi safari hii kaniambia niuweke pale mama alipouweka." Eseta alishusha sauti. "Mama alimwambia wiki ile ile, Baba. Alitoka mbio mpaka kwa Shangazi na nazi mkononi. Kwamba ndipo nilipopiga teke la kwanza, na wewe ukamngojea."

"Hajawahi kuniambia. Miaka yote."

"Angekwambiaje? Wewe si kaka yake?"

Aliangalia ng'ambo ya hema. Dada yake alikuwa amekaa na wanawake wenzake, akimgombeza mtu juu ya mchuzi. Sateki alichukua kile kipande laini cha nyama ya nguruwe alichokuwa amejiwekea mwisho, akakiweka juu ya lu, akamkabidhi Eseta sahani nzima.

"Mpelekee shangazi yako."

"Nimwambie nini?"

Alifikiri, akatikisa kichwa. Eseta akaenda. Sateki alimwona Kalolaine akipokea sahani, akikitazama kile kipande, akisema jambo fupi bila kugeuza uso upande wa kaka yake. Binti akarudi akijizuia kucheka.

"Anauliza," Eseta alisema. "Anasema, muulize baba yako, siku ile alikuwa amesinzia kweli?"

Mabega ya Sateki yakaanza kutikisika, na safari hii sauti ilimtoka, mpaka Lopeti akageuka kuona kuna nini. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwambie hapana," akasema. "Mwambie nilikuwa macho."